Moyo na Safari ya Damu

Juma lililopita ukurasa huu ulieleza habari za mapafu na kazi ya kuvuta pumzi. Leo ni zamu ya jirani yake, yaani moyo, pamoja na mishipa inayochukua damu kwenda na kurudi katika mwili mzima.

Katika lugha ya Kiswahili moyo umetwikwa mizigo mingi. Mtu asiye na kinyongo husemwa kuwa ana moyo mweupe. Mwoga hufa moyo. Mwenye msiba huvunjika moyo. Na aliyekata shauri hupiga moyo konde. Maneno hayo ni mazuri, wala hapana ubaya kuyatumia. Lakini yamewafanya watu wengi wadhani kwamba moyo ni nyumba ya mawazo, na kwamba ugonjwa wa moyo si kitu ila huzuni au hofu iliyozidi. Tabibu asemapo "moyo" hana habari ya ukarimu wala ya uoga. Yeye husema juu ya kipande cha nyama kilichomo kifuani, chenye kazi moja tu, nayo ni kusukuma damu. Kazi hiyo ikisimama kwa dakika chache tu, mtu hufa.

UMBO LA MOYO

Moyo wa mtu mzima ni mkubwa kadiri ya ngumi yake mwenyewe, na uzito wake ni kama gramu 300. Umekaa katikati ya kifua, baina ya mapafu mawili, ila ncha yake imeelekea upande wa kushoto. Ndiyo maana mapigo yake husikika zaidi upande huo. Ndani yake mna vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Ukuta mzima wa nyama umegawa upande wa kulia na upande wa kushoto, hata damu ya upande mmoja isichanganyike na damu ya upande wa pili. Vyumba vya juu hupokea damu, na vyumba vya chini huisukuma.

Baina ya chumba cha juu na chumba cha chini pana mlango mdogo uitwao vali, na kila chumba cha chini kina vali nyingine mahali damu itokeapo. Basi jumla ya vali ni nne. Milango hii hufunguka upande mmoja tu. Damu ikiisha kupita hujifunga, nayo damu haina njia ya kurudi nyuma. Ile sauti ya "du-dup" aisikiayo daktari anapoweka chombo chake kifuani ni sauti ya milango hiyo ikifungwa, kwanza miwili, kisha miwili.

Mwenye kutaka kuyaona haya kwa macho yake na anunue moyo wa mbuzi buchani, aupasue kwa kisu kikali kabla ya kuupeleka jikoni. Ataviona vyumba vinne, ataziona vali zilizo nyembamba kama karatasi na nyuzi ngumu zinazozishikilia, na ataona ya kuwa ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene kupita kuta zote nyingine. Unene huo una sababu yake. Upande wa kulia husukuma damu hadi mapafuni tu, mwendo mfupi. Lakini upande wa kushoto hauna budi kuisukuma tangu utosini hata nyayoni.

SAFARI MBILI ZA DAMU

Damu hufanya safari mbili, na zote mbili huanza na kuisha moyoni. Safari ya kwanza ni fupi. Damu iliyokwisha kutumika mwilini huingia chumba cha juu cha kulia, hushuka chumba cha chini, na husukumwa mapafuni. Huko huacha hewa chafu na kutwaa hewa safi iitwayo oksijeni, kisha hurudi moyoni kwa upande wa kushoto. Hapo huanza safari ya pili iliyo ndefu. Chumba cha chini cha kushoto hujikaza na kuitupa damu katika mshipa mkuu uitwao aota, ulio mnene kupita mishipa yote mwilini. Aota hugawanyika kama mti utoavyo matawi, na matawi hutoa vitawi, mpaka vikawa vishipa vyembamba kuliko unywele, hata chembe za damu hupita humo kwa safu moja moja kama watu wapitao katika ujia mwembamba.

Ni katika vishipa hivyo vyembamba ndimo kazi yenyewe hufanyika. Oksijeni na chakula huvuka ukuta wake na kuingia katika nyama ya mwili, na takataka huvuka kuingia katika damu. Kisha vishipa hukutana tena, vikawa mishipa ya kurudishia damu, iitwayo vena. Mishipa ile ya kwanza, ya kupeleka damu, huitwa ateri. Ateri zina kuta nene na nguvu, kwa kuwa hupokea kishindo cha kila pigo la moyo. Na kishindo hicho ndicho kinachopimwa na mkono wa daktari penye kifundo cha mkono. Vena zina kuta nyembamba, na nyingi zina vali ndogo ndogo ndani yake, ili damu ya miguuni ipande juu wala isirudi chini. Misuli ya mguu huzikamua vena hizo kila mtu anapotembea. Mtu akisimama au kuketi kutwa nzima bila kunyoosha miguu, damu hulala chini, miguu huvimba, na vena za wengine hutanuka na kujisokota zikaonekana juu ya ngozi.

Watu wengi hudhani ya kuwa damu iliyomo katika vena ni ya rangi ya buluu kwa sababu mishipa ya mkono huonekana hivyo. Sivyo. Damu yote ni nyekundu. Ile ya ateri hung'aa, na ile ya vena imefifia ikawa kama rangi ya zambarau mbivu. Ngozi ndiyo inayoyadanganya macho.

Mtu mzima ana damu ipatayo lita 5, na moyo wake akiwa amepumzika huizungusha damu hiyo yote kwa muda wa kama dakika moja. Kwa kutwa na kucha husukuma yapata lita 7,000, yaani kama madebe 350 ya maji. Hakuna mchukuzi wa maji mjini awezaye kazi hiyo. Tena moyo hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, jumla yake ni kama mara 100,000 kila siku. Lakini isidhaniwe kwamba haupumziki. Baina ya pigo na pigo hupata kituo kifupi, na vituo hivyo vikijumlishwa huzidi nusu ya siku. Moyo ni mfanyakazi aliyejifunza kupumzika kidogo kidogo bila kuiacha kazi.

Nyama ya moyo yenyewe nayo huhitaji damu. Ijapokuwa vyumba vyake vimejaa damu, haiwezi kunywa kutoka humo, bali hunyweshwa na ateri zake mbili zinazotoka mwanzo wa aota na kuuzunguka moyo kama taji. Ateri hizo ni nyembamba, na habari zake zitarudiwa hapa chini, kwa maana zimeua watu wengi.

JINSI ELIMU HII ILIVYOPATIKANA

Mambo haya ambayo leo mtoto wa shule huyasoma kwa dakika chache yaliwashinda wataalamu kwa karne nyingi. Tabibu Galen, aliyeishi katika dola ya Warumi katika karne ya 2, alifundisha kwamba damu hufanyizwa katika ini kwa chakula, kisha huenda mwilini ikaliwa yote, kama mto unaoishia mchangani. Alisema pia ya kuwa katika ukuta wa katikati ya moyo mna vitundu visivyoonekana. Kwa muda wa miaka zaidi ya 1,000 watu waliyashika maneno yake kama sheria.

Wa kwanza kumpinga kwa maandishi alikuwa tabibu Mwarabu, Ibn al-Nafis, mzaliwa wa nchi ya Sham aliyefanya kazi mjini Kairo na kufa mwaka 1288. Yeye aliandika kwamba ukuta wa moyo ni mzima, hauna vitundu, na kwamba damu haina njia ya kutoka kulia kwenda kushoto ila kwa kupita mapafuni. Maneno yake yalikuwa ya kweli, lakini Ulaya haikuyafuata kwa wakati ule.

Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alitoa kitabu kilichomaliza shauri. Hoja yake ilikuwa hesabu tu. Alikisia kiasi cha damu kitokacho moyoni kwa pigo moja, akakizidisha kwa mapigo ya nusu saa, akaona ya kuwa jumla yake hushinda damu yote iliyomo mwilini. Basi chakula gani kingeweza kufanyiza damu nyingi namna ile kila nusu saa? Haiwezekani. Damu ni ile ile, inakwenda na kurudi. Tena aliwafunga watu kitambaa mkononi, akaonyesha jinsi vena zinavyovimba chini ya kifungo, na jinsi damu isivyokubali kusukumwa kwa kidole kuelekea vidoleni. Jambo moja lilimshinda. Hakuviona vishipa vinavyounganisha ateri na vena. Alikufa mwaka 1657, na mwaka 1661 Mwitalia Marcello Malpighi alivitazama kwa darubini katika mapafu ya chura. Hivyo duara likafungwa.

SHINIKIZO LA DAMU

Maji yakipita katika bomba la mpira hulisukuma bomba hilo kwa ndani. Vivyo hivyo damu husukuma kuta za ateri, na nguvu hiyo ndiyo iitwayo shinikizo la damu, ambalo watu wa mjini huliita presha. Mwaka 1733 mchungaji mmoja wa Uingereza, Stephen Hales, alitangaza jinsi alivyotia bomba la kioo katika ateri ya farasi, na damu ikapanda zaidi ya futi 8. Leo hapana haja ya kumchoma mtu. Mwitalia Scipione Riva-Rocci alibuni mwaka 1896 mfuko wa kufunga mkononi na kujazwa upepo, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha jinsi ya kusikiliza sauti ya ateri wakati upepo unapotolewa. Chombo cha namna hiyo kimo katika zahanati nyingi.

Kipimo hutolewa kwa hesabu mbili. Ya kwanza ni nguvu ya damu moyo unapojikaza, ya pili ni nguvu yake moyo unapolegea. Kipimo cha 120 juu ya 80, au chini kidogo, ni kizuri kwa mtu mzima. Kikifika 140 juu ya 90 au zaidi, tena kikionekana hivyo kwa siku mbalimbali, daktari husema ya kuwa mtu huyu ana maradhi ya shinikizo kubwa.

Ubaya wa maradhi haya ni kwamba hayabishi hodi. Mwenye malaria hutetemeka, na mwenye jino bovu hukosa usingizi. Lakini mwenye shinikizo kubwa aweza kula, kulala, kulima na kucheka kwa miaka 10 bila kuona dalili yoyote. Wakati huo wote ateri zake zinapigwa kwa nguvu isiyostahili, zinakuwa ngumu na zenye makovu. Moyo wake unanenepa kwa kazi nzito, kisha unachoka. Figo zake zinaharibika. Mara nyingi dalili ya kwanza ni kiharusi, nayo imechelewa. Uchunguzi wa serikali ya Kenya wa mwaka 2015 ulionyesha ya kuwa karibu mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na shinikizo kubwa, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani.

USHAHIDI WA NYANZA NA SAMBURU

Wako wasemao kwamba shinikizo la damu ni ugonjwa wa asili, kwamba mtu huzaliwa nao na hapana la kufanya. Ni kweli kwamba watoto wa wagonjwa wamo hatarini zaidi kuliko wengine. Lakini nchi ya Kenya yenyewe imetoa ushahidi mkubwa kwamba maisha ya mtu yana neno katika jambo hili.

Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi katika hospitali ya Waafrika wilayani South Kavirondo, ambayo leo ni nchi ya Kisii, Nyamira, Homa Bay na Migori, alitangaza vipimo vya watu wapatao 1,000. Huko Ulaya ilikuwa imezoeleka kwamba shinikizo hupanda kadiri mtu anavyozeeka. Donnison hakuona hivyo. Wazee wa wilaya ile hawakuwa na shinikizo la kushinda vijana wao.

Katika miaka ya 1960 daktari Gerald Shaper na wenzake waliwachunguza vijana wa Kisamburu waliotoka katika maisha ya kuchunga ng'ombe wakaandikwa katika jeshi. Nyumbani walikuwa wakiishi kwa maziwa na nyama, na chumvi yao ilikuwa kidogo. Jeshini walipewa chakula cha namna nyingine chenye chumvi nyingi zaidi, na shinikizo lao likapanda kadiri walivyokaa huko.

Tena mwaka 1990 ulitangazwa uchunguzi wa daktari Neil Poulter na wenzake juu ya Wajaluo waliohama vijijini Nyanza kwenda kutafuta kazi Nairobi. Walilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Baada ya miezi michache tu ya kukaa mjini, shinikizo la wahamiaji lilikuwa limekwisha kuwashinda wenzao. Mkojo wao ulionyesha chumvi zaidi, na upungufu wa potasiamu, madini yapatikanayo kwa wingi katika mboga, ndizi, viazi na kunde. Mapigo ya moyo wao nayo yalikuwa ya haraka zaidi.

Watu hao waliohama hawakubadili kabila wala damu ya wazazi wao. Walibadili sahani, kitanda na shughuli. Huu ndio ushahidi ambao msomaji yampasa auweke akilini, kwa maana unatia hofu na kutia matumaini kwa wakati mmoja. Kama maisha ya mji yaliweza kulipandisha shinikizo kwa miezi michache, basi maisha yenye hadhari yaweza kulizuia, na mara nyingine kulishusha.

MARADHI MENGINE

Maradhi ya pili ni kuziba kwa ateri za moyo. Mafuta hujiganda katika kuta za ateri mwaka kwa mwaka, kama masizi katika dohani, nayo njia ya damu huwa nyembamba. Siku moja ganda hupasuka, damu huganda juu yake, na njia hufungwa kabisa. Sehemu ya moyo iliyokuwa ikinyweshwa na ateri ile huanza kufa. Mgonjwa husikia kifua kikikandamizwa kama kwamba amewekewa gunia, na maumivu huweza kwenda mkono wa kushoto au taya. Hutoka jasho la baridi na kukosa pumzi. Wanawake wengine hawapati maumivu makali, bali uchovu wa ghafula na kichefuchefu. Wengi huyadhania kuwa ni kiungulia wakanywa maji na kulala, na wengine hawaamki. Dalili hizi zataka hospitali saa ile ile. Tumbaku ni rafiki mkubwa wa maradhi haya, na pamoja nayo ni kisukari na unene wa kupita kiasi.

Maradhi ya tatu ni kiharusi. Ateri ya ubongo huziba au hupasuka, na upande mmoja wa mwili hupooza. Uso huinama upande, mkono hauinuki, na maneno huwa ya kugugumia. Katika nchi yetu wapo wanaosema ya kuwa mgonjwa amekumbwa na pepo, naye hupelekwa huku na huku kwa siku nzima huku ubongo unakufa. Sala za jamaa hazikatazwi, lakini na ziombwe njiani kwenda hospitali.

Maradhi ya nne huwapata watoto, nayo huanzia mahali pasipotazamiwa, yaani kooni. Vijidudu viitwavyo streptokoki huleta maumivu ya koo na homa. Mtoto asipotibiwa aweza kupona mwenyewe, na mama hufurahi. Baada ya majuma mawili au matatu viungo vyake huvimba na kuuma, leo goti, kesho kiwiko. Kwa maana mwili uliokuwa ukipigana na vijidudu umegeuka ukajipiga wenyewe. Viungo hupona. Vali za moyo hupata makovu, na kila homa ya namna hiyo inaporudi huongeza kovu juu ya kovu, hata mlango ukashindwa kufunguka au kufungika. Mtoto wa miaka 8 huonekana mzima; akiwa msichana wa miaka 20 aliyeshika mimba ya kwanza, mzigo wa damu ukiongezeka, hukosa pumzi akipanda kilima kidogo, na miguu huvimba. Watoto wa miaka 5 hadi 15 ndio walio hatarini zaidi, hasa wanaolala wengi katika chumba kimoja. Dawa ya koo hilo ni penisilini, dawa ya bei nafuu iliyo katika zahanati nyingi. Na mtoto aliyekwisha kuugua homa ya viungo hupewa sindano ya penisilini kila baada ya majuma matatu au manne, kwa miaka mingi, ili homa isirudi. Kuitengeneza vali iliyoharibika kwataka kupasuliwa kifua, na fedha ambazo jamaa wengi hawana. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwisho yafaa kutaja safura, yaani upungufu wa damu uletwao na malaria, minyoo au chakula kisichotosha. Hapo moyo wenyewe si mgonjwa, lakini damu yake ni nyepesi, haichukui oksijeni ya kutosha. Moyo hulazimika kukimbia ili kulipa deni la damu. Safura ikizidi, moyo hushindwa.

MFANO WA KARANI

Na utwaliwe mfano wa mtu wa kubuniwa tu, karani wa miaka 45 akaaye mjini. Hupanda gari kwenda kazini, huketi kutwa, na jioni hula ugali kwa nyama choma iliyonyunyizwa chumvi mara mbili, jikoni na mezani. Siku moja anapimwa kwa bahati, anaonekana ana 170 juu ya 105. Daktari anampa vidonge. Baada ya miezi mitatu anapimwa tena, ni 130 juu ya 80. Karani anafurahi, anamwambia mkewe, "Mama Atieno, nimepona," anaviacha vidonge. Jirani naye anamtia moyo kwa kumwambia ya kuwa dawa za presha huzoeza mwili vibaya, heri mizizi.

Kosa la karani li wapi? Hakupona. Vidonge vilikuwa vimeshikilia shinikizo chini kama mkono unavyokishikilia kifuniko cha chungu kinachochemka. Mkono ukiondoka, kifuniko huinuka. Dawa nyingi za shinikizo hutumiwa maisha yote, wala si kwa sababu zimeshindwa, bali kwa sababu zinafanya kazi. Akiona zinamdhuru, kwa kizunguzungu, kikohozi au kuvimba miguu, haki yake ni kurudi kwa daktari abadilishiwe. Kuziacha kimya kimya si haki kwake wala kwa watoto wanaomtegemea. Tena asijione kwamba ana aibu. Mficha maradhi, kilio humfichua.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwanza, kila mtu mzima apimwe shinikizo walau mara moja kwa mwaka, hata kama hasikii kitu. Pili, chumvi ipunguzwe. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa katika mkate na vyakula vya pakiti. Basi kibakuli cha chumvi kiondolewe mezani. Tatu, mboga na matunda yasidharauliwe. Sukuma wiki, mchicha, kunde na ndizi, ambavyo wengine huviona kuwa ni chakula cha siku za dhiki, ni rafiki wa ateri. Nne, tumbaku iachwe kabisa na pombe ipunguzwe. Mwenye kuacha sigara, hatari ya ateri za moyo wake hupungua kwa karibu nusu baada ya mwaka mmoja. Tano, mwili utembezwe. Mwendo wa haraka wa nusu saa kwa siku tano za juma watosha. Karani ashukaye katika gari vituo viwili kabla ya ofisi amekwisha kupata sehemu ya dawa yake bila malipo. Sita, mtoto mwenye koo linalouma pamoja na homa apelekwe zahanati, na dawa apewayo aimalize yote hata akipata nafuu siku ya pili.

Hayo sita hayahitaji utajiri. Mengi yake ndiyo waliyokuwa nayo wazee wa Nyanza waliopimwa mwaka 1929, nao hawakuwa na daktari wa moyo hata mmoja. Walikuwa na shamba la kulima kwa mikono, njia ndefu ya kwenda kwa miguu, na chungu chenye mboga nyingi na chumvi chache.

Juma lijalo ukurasa huu utaeleza habari za figo, ambazo huchuja damu hii hii na kuumia shinikizo lake linapozidi.